Rangi Ndani ya Sampo

...na nilipaka ndani mara mbili, nikaiacha ikauke juani siku nzima, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu tunayopaka mageti, maana nilikuwa nimeikata sampo ya pikapu, hili bakuli la oili chini ya injini, na kuichomelea chuma kipya ibebe oili zaidi kwa hii milima, na chuma kitupu kwa ukungu wa huku, nikasema kutu itakimaliza kabla ya Krismasi... "Baba Moureen, chai inapoa!"... nakuja, nasema, nakuja, lakini nimechuchumaa tu, sampo katikati ya magoti, nimeifungua leo, wiki tatu baadaye, kwa nini sikuifungua siku ile ile, niliogopa, ndiyo sababu, na sasa ona, vipande vyekundu kama maganda ya njugu, rangi imebanduka yote ikaziba kichujio, oili haikupanda, injini ikakaza kilimani, paa la hospitali ya Kapkatet tunaliona pale, na muuguzi alikuwa ametuonya, mtoto amekaa vibaya, msizalie nyumbani... mke wangu Nyabate ndani na uchungu wake, ameshika mlango, "Sukuma baba, si usukume tu," nami nasukuma, nasukuma gari gani, mvulana akazaliwa kando ya michai, hakulia, Nyabate akaniuliza mbona halii... na Mzee Kipkemboi aliyenifundisha kazi alisema, "Ndani usipake rangi, wewe. Kausha, pangusa na oili safi, basi, oili yenyewe ndiyo inazuia kutu," nikacheka moyoni, mzee wa kizamani, mimi fundi wa kisasa, mjinga mkubwa mimi... na kila akina mama wa kanisa wakija Nyabate anawaambia, "Ni mimi. Uchungu ilianza nikasema nimalize kuchuma hiyo laini moja kwanza," laini moja tu ya chai, nami nainamisha kichwa, wanasema pole baba, wiki tatu namwacha abebe kosa langu... vipande hivi ningevitupa chooni, nani angejua, nipanguse, nipake oili, nifunge... "Unakuja ama nikuletee hapo?"... aniletee, mimi, hata hasira hana, na asubuhi niliona blauzi yake imelowa, maziwa bado yanakuja, hayajaambiwa... "Nakuja, mama," nasema, na bado sijainuka, oili inachuruzika hadi kiwikoni, lakini vipande nimevifumbata, sivitupi, nitaviweka mezani kando ya kikombe, kabla hajanimiminia.