Mtandao Nje ya Seng'enge

Mtandao wa chuo chetu ulikuwa ukiishia kwenye seng'enge, na ni mimi niliyeukomesha hapo. Watu hudhani waifai humwagika tu ikaenda itakako. Si kweli, kama mwenye kazi anaijua kazi yake. Kabla ya kufunga kifaa hata kimoja nilitembea chuo kizima na kompyuta mkononi, darasa kwa darasa, hosteli kwa hosteli, nikipima nguvu ya mawimbi na kuchora ramani: kijani penye mtandao mzuri, manjano unaposuasua, nyekundu pasipo na kitu. Ukuta wa mawe hunyonya mawimbi. Tangi la maji huyazuia kabisa. Omosa, fundi wangu, akipima mahali hupenda kusema, "Hapa ni kama iko, Madam," nami humwambia kwamba katika kazi hii hakuna kama. Iko au haiko.

Sharti la seng'enge lilitoka juu. Vijana wa Ikonge, kijiji jirani, walikuwa wamezoea kukaa nje ya ua, upande wa majani chai, wakitazama mpira kwa mtandao wetu huku wanafunzi wakihangaika na mitihani. Nikaambiwa hata tone lisivuke. Nikapunguza nguvu za vifaa vya upande ule na kuzigeuza antena zitazame ndani. Vijana wakatawanyika. Nilijipongeza, tena bila haya.

Jirani yetu wa upande huo ni Mzee Obwocha, ambaye chai yake imeigusa seng'enge yetu. Alikuja ofisini siku ya Jumatano, koti limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kulalamikia maji ya hosteli yanayoteremkia shambani kwake, nikaanza kutayarisha majibu.

"Madam, hii mtandao yenu inafika mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye seng'enge, mzee."

"Na haiwezi kupita kidogo?"

"Haiwezi."

Hakubisha. Aliizungusha kofia yake mkononi, kisha akaniambia kwamba kijana wake Onsongo amekufa Amerika. Alianguka kazini, moyo. Mke wake na watoto wameamua azikwe huko, karibu nao, na mzee amekubali, kwa sababu watoto nao wana haki ya kuona kaburi la baba yao.

"Lakini sisi hatuachi mtu wetu alale kwa watu," alisema. "Kwa hivyo tumechimba kaburi. Hapo mbele ya nyumba yake, ile alijenga akisema atarudi."

"Kaburi la nani, mzee?"

"La Onsongo. Tunaweka shina ya mgomba, tunafunga na shuka yake. Wakimshusha huko, na sisi tunashusha hapa. Saa hiyo hiyo. Tukipishana, hiyo itakuwa matanga mbili, na mtu mmoja hawezi kuzikwa mara mbili. Sasa lazima tuone wakishusha, na nyumbani kwangu simu haishiki mpaka upande barabarani."

Mimi ni mtoto wa muuza vitambaa wa mjini Kisii, Mwislamu, na kwetu maiti huzikwa upesi pale alipofia. Lakini nimekulia hapa. Niliona ninavyoweza kumsaidia bila kuvunja sharti: chumba cha maktaba, skrini kubwa, viti vya kutosha familia yote. Nikamweleza kwa fahari. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mfiwa ni mimi.

"Kaburi iko nyumbani, mwanangu," akasema.

Niliona aibu, na kitu kikinitia aibu hicho ndicho hukishughulikia haraka. Sikuomba ruhusa. Ningeomba ningenyimwa, na ningenyimwa kihalali. Siku ya pili yake Omosa alipanda juu ya paa la hosteli akafunga antena iliyotazama nje, nyingine tukaifunga kwenye nguzo ya mkaratusi katika boma la mzee, nyuma ya migomba. Jua lilikuwa kali. Nilipima mlangoni, nikapima chini ya turubai waliloliweka, mwisho nikasimama ukingoni mwa kaburi na kompyuta yangu. Nimepima sehemu nyingi lakini sijawahi kupima hapo. Ilikuwa kijani.

"Iko au haiko, Madam?" Omosa akanitania.

"Iko," nikasema.

Mazishi yalikuwa Ijumaa jioni kwetu, asubuhi kwao. Familia ile ni Wasabato, na jua likishazama Ijumaa, Sabato imeingia. Siku hiyo kaburi haliwezi kuachwa wazi wala kufukiwa, kwa hiyo ilibidi tumalize kabla jua halijazama. Ogoti, mzee wa kanisa, alikuwa amesimama na Biblia kwapani, akimwambia kila aliyemsogelea kwamba atamwombea Onsongo, lakini mgomba yeye hautambui. Hata hivyo alikuja, na alikuja mapema.

Kwenye skrini tuliyoiweka chini ya turubai tuliona jeneza la rangi ya maziwa juu ya mikanda, nyasi zilizokatwa vizuri, watu wa kwetu waliovaa nyeusi, na Mzungu mmoja kando ya mashine ya kushushia. Aliyeshika simu upande ule alikuwa Purity, mjukuu wa mzee.

"Sokoro, mnatuona?"

"Tunawaona!" Mzee alipiga kelele, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Wajukuu wengine wakaja mbele ya simu kumpungia sokoro wao, yaani babu. Niligundua kwamba sauti na picha vinachelewa kidogo kufika, muda wa kumeza mate. Ni kawaida kwa umbali ule. Sikuona haja ya kuwaeleza.

Wanaume wanne walishika kamba, shina la mgomba likaning'inia juu ya shimo, limefungwa shuka la maua ya samawati. Lilionekana zito kuliko nilivyotarajia. Kule, Mzungu akaweka mkono kwenye mashine. Hapo ndipo mvua ilipoanza, ile ya Nyamira isiyobisha hodi, na picha ikaganda.

Ilionyesha jeneza juu ya mikanda na mkono wa Mzungu kwenye mashine, basi. Nilipiga simu upya, nikapiga tena. Mvua ilipiga turubai hata hatukusikizana. Wale wanne walizungusha kamba mikononi isiteleze.

Mzee Obwocha aliniinamia sikioni. "Amefika chini?"

Kila jicho pale lilikuwa kwangu. Ogoti alitazama upande wa magharibi, kwenye mstari mwembamba wa mwanga uliobaki chini ya wingu. Ningesema ndiyo, wangeshusha, wangefukia, kila mtu angekwenda nyumbani ametulia. Nililitaka sana neno hilo. Lilikuwa ulimini.

"Sijui, mzee," nikasema. "Siwezi kuona."

"Shusheni," mmoja wa jamaa akasema. "Jua linaenda. Kwa vyovyote huko wameshamaliza."

"Ngojeni," mzee akasema. Kisha akaniuliza, "Ni nini imezuia?"

Nikaigeukia nguzo, nikaitazama migomba iliyosimama katikati yake na chuo, majani yake mapana yakichuruzika maji. Nilikuwa nimepima kukiwa kukavu. Jani la mgomba kavu hupitisha mawimbi. Likilowa ni ukuta. Nilijua hilo tangu chuoni, na sikulikumbuka kwa sababu siku ile jua lilikuwa linawaka. Nilijichukia.

"Ni migomba, mzee. Imelowa."

Ilikuwa migomba yake mwenyewe, mingine imebeba mikungu mikubwa iliyokaribia kukomaa. Hakuitazama mara mbili.

"Kateni."

Omosa alikuwa wa kwanza kupata panga. Wengine wakamfuata, pamoja na Ogoti, aliyemkabidhi mtu Biblia na kukunja suruali. Migomba ilianguka mmoja baada ya mwingine, mikungu ikijipigiza matopeni, na wanaume wanne waliendelea kushika kamba mvuani, mwanamke mmoja akiwafuta maji usoni kwa leso yake. Hakuna aliyelia. Walikuwa na kazi ya kusubiri na waliifanya.

Picha ikarudi.

Jeneza lilikuwa pale pale juu ya mikanda. Mkono wa Mzungu haukuwa tena kwenye mashine, umeshikwa na mjane wa Onsongo kwa mikono yake miwili. Watu wote wa kule walikuwa wameikabili simu, wanatutafuta.

"Sokoro?" Purity alikuwa analia. "Mlipotea! Mama amekataa washushe. Amesema mpaka tuwaone."

Mzee aliisogelea skrini. Akanyanyua mkono. Kule mjane akauachilia mkono wa yule Mzungu, na hapa wanaume wanne wakaanza kulegeza kamba, polepole, macho kwenye skrini. Jeneza likashuka. Shina likashuka. Ogoti aliomba kwa sauti, na nilimsikia akisema "mwili huu" bila kufafanua upi.

Mzee alichota udongo uliolowa, akautupa. Kwenye skrini mjukuu wake naye akatupa. Sasa ndipo kilio kilipopanda, huku na kule, nami nililia nao. Walifukia haraka, jua lilikuwa bado lina ukucha mmoja juu ya kilima.

Nilipokuwa nikikunja nyaya, mzee alinijia, matope mpaka kwenye viwiko.

"Wewe ndiye unajua mambo ya hii mtandao," akasema. "Niambie ukweli. Ilikuwa pamoja?"

Niliufikiria ule muda wa kumeza mate. Tulichokiona kilikuwa kimeshapita kabla hakijatufikia. Mwanawe alitangulia kugusa chini, na hakuna antena duniani ambayo ingelizuia hilo.

"Ilikuwa pamoja, mzee," nikasema.

"Mbuya mono," akanishukuru, akarudi kukaa na watu wake kando ya kaburi.