Kapteni wa Viazi

Muiruri hakuwahi kuvaa kombati hata siku moja, lakini soko lote la Nakuru lilimwita Kapteni. Biashara yake ilikuwa viazi, anatoa Molo kwa lori na kuuza jumla. Roho yake ilikuwa kwa wazee waliopelekwa Burma kupigania Mwingereza. Jumapili wenzake wakienda kula nyama, yeye alizunguka makanisa ya mashambani akitafuta waliowajua. Hakuuliza nani alipigana, maana ukiuliza hivyo utadanganywa mpaka jioni. Aliuliza ni nani huko kwao alikuwa akikunja blanketi kama sanduku. Hiyo tabia ya jeshi, alisema, mtu huenda nayo mpaka kaburini. Bibi yake alisema huo ni ugonjwa, ungekuwa na dawa angemnunulia.

Siku moja wakipakia viazi huko Molo, Chepngeno akamvuta kando. Huyu ndiye mkulima aliyemuuzia viazi kuliko wengine wote. Mke wa kijana wake Kiprotich alikuwa karibu kujifungua. Kwao mtoto akizaliwa, akina mama wazee humwitia majina ya watu wao waliokufa, moja moja, na jina atakalopigia chafya, huyo ndiye amerudi. Lakini jina la Kibii halikuwa limewahi kuitwa. Kibii alikuwa baba mkwe wake. Alienda vita akaacha mtoto mchanga, Kemboi, ambaye baadaye alimuoa Chepngeno, na hakuonekana tena. Mtu ambaye hujui kama amekufa humwitii mtoto. Ni kama kumzika akiwa hai.

Muiruri akasema mzee huyo angekuwa amepita miaka mia.

"Wazee hawataki hesabu," Chepngeno akamwambia. "Wanataka mtu anayejua. Si wewe ndio Kapteni? Niambie kama alikufa."

Akatafuta. Huko Ndabibi, upande wa Naivasha, nje ya kanisa, mama mmoja anaitwa Linah alicheka aliposikia habari ya blanketi. Huyo ni baba yake kabisa. Jina Kibii, kwao Molo, na alikuwa ameacha kijana huko anaitwa Kemboi. Alirudi kutoka Burma mzima, akaandikwa kwa shamba la mzungu, akaoa, akazeeka. Linah akampeleka mpaka kwa kaburi, nyuma ya zizi.

Mbona hakuenda nyumbani, Muiruri akauliza.

"Tulimuuliza tukachoka," Linah akasema. "Alikuwa ananyamaza tu."

Kwa kina Chepngeno, ingawa hakuna aliyekuwa na hakika, watu walipenda kudhani Kibii alifia vitani, bunduki mkononi. Muiruri angesema "alikufa" na kufunga mdomo, na usingekuwa uwongo. Lakini hakutafuta haya mambo miaka yote hiyo ndio aje ayakate nusu. Akamwambia Chepngeno yote.

Chepngeno aliendelea kuchambua viazi kitambo.

"Kwa hivyo mama mkwe wangu alilala pekee yake mpaka akakufa, na huyu yuko Naivasha anakula samaki."

Akasema hilo jina halitaitwa kwake. Viazi pia akauzia mtu mwingine, na lori la Muiruri likarudi Nakuru nusu tupu.

Mtoto akazaliwa, kijana. Kiprotich akampigia Muiruri simu aje, wazee walitaka aliyeona kaburi awe karibu, hata kama Chepngeno amekataa. Wanaume wakakaa nje kwa benchi. Ndani majina yakaitwa, ya babu huyu na ya mjomba yule. Mtoto kimya. Wakamnusisha ugoro kidogo. Kimya. Majina yakaisha.

Halafu Chepngeno akaongea kwa Kikalenjin, polepole, na Kiprotich akamtafsiria Muiruri kwa sauti ya chini.

"Anasema, haya, Kibii, wewe wa Ndabibi. Kama umechoka kuzunguka, ingia."

Mtoto akapiga chafya. Ndani wakaanza kupiga vigelegele, na Kiprotich akafuta macho kwa mkono wa koti. Chepngeno akatokea mlangoni. Hakumwangalia Muiruri usoni.

"Huyo Linah," akasema, "ako na simu?"

Muiruri akatoa yake mfukoni, akaanza kutafuta namba.