Kofia za Siku ya Wageni

Kofia ngumu za ujenzi zilikuwa za manjano, mpya, nyingine bado zina karatasi ya kiwandani kwa ndani. Tulizivaa siku za wageni tu. Mlinzi wa getini akiona gari ambalo si la mchanga wala la matofali, alikuwa anagonga bomba la chuma kwa kipande cha nondo, na sauti hiyo ikitufikia kila mtu alijua la kufanya. Shemeji alitoka stoo na magunia yake, akagawa kofia kama mtu anayegawa mayai, huku akituonya tusizikwaruze. Mafundi walivaa. Sisi wanawake wa zege tulificha makarai nyuma ya rundo la kokoto, tukavaa na sisi, tukashika mafagio. Mgeni akiingia alikuta watu wa manjano wanafagia.

Shemeji hakuwa shemeji yetu. Alikuwa shemeji wa msimamizi, ndugu wa mke wake, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumsema. Msimamizi mwenyewe tulimwita Kesho, ila si mbele yake. Ukimwomba glovu, kesho. Ukimwambia mbao ya kupandia juu imeoza, kesho. Mama Pacha, aliyekuwa anabeba karai mbele yangu kila siku, alisema huyo mtu hata siku ya kuzaliwa kwake mkunga aliambiwa arudi kesho.

Mimi waliniita Kimya. Sikuchukia. Niko hivyo tangu utotoni, maneno yananijaa kifuani halafu yanaishia kooni. Na kazi ya karai haihitaji mdomo. Unaweka ngata kichwani, kile kitambaa kilichosokotwa duara, unatwikwa zege, unapanda njia ya mbao mpaka juu, unamwaga, unashuka na karai tupu mkononi.

Karai halikai juu ya kofia ngumu. Linateleza, na ngata haipati pa kushika. Kwa hiyo Kesho alikuwa na neno lake kwetu: nyinyi makarai ndiyo kofia zenu. Mara ya kwanza tulicheka. Tena ilikuwa kweli, tukiwa tunapanda. Lakini tukishuka vichwa vilikuwa wazi, na ile njia ya mbao ilipita chini kabisa ya mafundi waliokuwa wanajenga ukuta wa nje.

Mama mdogo alipigwa akiwa anashuka. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hiyo. Alikuwa mbele yangu, amegeuza shingo kumjibu Mama Pacha utani fulani, anacheka. Kipande cha tofali kikatoka juu. Hakikuwa kikubwa, kingeenea kwenye kiganja. Alikaa kwenye mbao taratibu kama mtu aliyechoka, na karai lake likabingirika mpaka chini likipiga kelele. Mimi nilishika ngata yangu nikaibana kichwani pake, ikalowa palepale.

Hospitali walimshona wakamruhusu. Tangu siku hiyo anakaa ndani pazia limefungwa, maana mwanga unamchoma macho. Anatia chumvi kwenye mboga, anasahau, anatia tena. Mara nyingine ananiita kwa jina la mama yangu, nami naitika. Chumba, chakula na dawa vyote vikawa vinatoka kwenye karai langu.

Kesho yeye alitukusanya asubuhi iliyofuata chini ya bango la getini, lile lililoandikwa Usalama Kwanza. Alisema tumeona wenyewe, yule mama hakuvaa kofia, na huo ni uzembe wake. Alisema polepole, kama anayetufundisha. Tukaangalia chini, tukaenda kubeba.

Niliporudi nyumbani nilikuta jirani ameshayafikisha maneno hayo. Nilidhani mama mdogo atakuwa amewaka. Alishika bandeji yake akasema, "Si uongo, mwanangu. Sikuvaa. Nilijitakia."

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Damu nilikuwa nimeiosha kwenye nguo na ikatoka. Hili neno halikutoka.

Nilijaribu kumwambia kwamba kofia hatukupewa. Alitikisa kichwa, akashika ukuta kwa sababu kutikisa kulimtia kizunguzungu, akasema labda tungeomba.

Siku mambo yalipogeuka ilikuwa siku ya kumwaga zege la ghorofa ya tatu. Siku kama hiyo haina kupumua. Mashine inazunguka tangu asubuhi, mafundi wako juu na mabeleshi yao, na zege likishachanganywa halimsubiri mtu. Ukilichelewesha linakauka vipande vipande, na sakafu inabaki na mishono. Katikati ya hayo tukasikia bomba linagongwa.

Mgeni alikuwa mkaguzi wa usalama, mwanamume mpole mwenye viatu safi. Mashine ikazimwa. Tukavaa, tukafagia. Alipita na Kesho akionyeshwa bango, akionyeshwa ndoo za mchanga wa kuzimia moto, kisha akasimama mbele yangu.

"Binti, mnavaa hizi kila siku?"

Nilifungua mdomo. Akilini nilimwona mama mdogo amekaa kwenye zile mbao. Maneno yalikuja yakafika pale pale yanapofikia siku zote.

"Kila siku, mheshimiwa," Kesho akajibu. "Huyu msamehe bure, ana haya."

Mkaguzi akatabasamu, akaenda ofisini kunywa soda, akaondoka. Mlinzi alipofunga geti tu, Shemeji alikuwa ameshafungua gunia. Kesho akapiga makofi tuharakishe, zege limelala kwenye mashine. Kofia zikaanza kurudi. Mama Pacha akarudisha yake, akaweka ngata. Mmoja baada ya mwingine, mpaka Shemeji akanifikia.

Sikuvua.

Alidhani sikumwona. Akatikisa gunia. Kisha akanyoosha mkono aichukue mwenyewe, nikarudi nyuma, nikashika ukingo wa kofia kwa mikono miwili. Akasema huyu mtoto amepatwa na nini leo. Wanawake wakageuka. Kesho naye akaja, jasho linamtoka, akaniambia nivue nisimcheleweshe.

"Sivui," nikasema.

Wengine walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yangu. Mafundi wawili wakachungulia kutoka juu.

"Utabebaje karai na hilo dude kichwani?"

"Kwa mikono."

Wakacheka. Na Kesho akacheka, akasema haya, beba kwa mikono tuone, kama anayemwacha mtoto ajaribu viatu vya baba yake. Nikainua karai la zege nikalibana tumboni. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Kichwani uzito unakwenda kwenye mgongo na miguu, lakini mikononi unakata vidole. Nikaanza kupanda.

Sasa, ile njia ya mbao ilikuwa ya mtu mmoja. Kesho mwenyewe ndiye aliyeifanya nyembamba hivyo, mbao nyingine alikuwa amezihamishia kwenye kazi nyingine. Nikapanda hatua, nikapumzisha karai kwenye goti, nikapanda hatua nyingine. Nyuma yangu wanawake wote wakasimama na mizigo vichwani. Hakuna wa kunipita. Juu mafundi wakaanza kupiga kelele zege liko wapi. Chini mashine inazunguka, imejaa.

Sikupanga iwe hivyo. Nilitaka kichwa changu tu kiwe chini ya kitu. Lakini nilipoona mstari mzima umesimama kwa ajili yangu, sikuharakisha.

Kesho akaja chini ya njia. Hakuwa anacheka tena. Akaniambia niteremke, niache karai, nikachukue vitu vyangu niende nyumbani, kuna wanawake kumi pale nje wanaitafuta hii kazi. Nilijua anasema kweli. Nilifikiria dawa za mama mdogo pale kwenye dirisha.

Nikageuka na karai langu mikononi.

"Mama mdogo hukumpa kofia," nikasema. "Ukasema hakuvaa. Mimi nimevaa, unasema nivue. Nikiangukiwa leo, utasema nini?"

Kesho aliangalia juu kwa mafundi, akaangalia mashine. Akasema hayo ni mambo ya kuzungumza ofisini, tutazungumza kesho.

Ndipo Mama Pacha alipocheka. Alikuwa mwisho wa mstari, na karai zima la zege kichwani, na akacheka hivyo hivyo, shingo haikutikisika. Kisha akashuka kinyumenyume, akalitua karai chini, akamwendea Shemeji.

"Shemeji, nirudishie yangu."

Shemeji akamwangalia Kesho.

"Usimwangalie huyo, mimi sijaolewa kwenu," Mama Pacha akasema. "Nipe kofia."

Akaingiza mkono mwenyewe kwenye gunia, akavaa. Wawili wakamfuata, kisha wengine. Sio wote. Mama mmoja mwenye watoto wadogo alibaki na ngata yake, akaangalia pembeni, na hakuna aliyemsema, maana kila mmoja wetu alikuwa anajua hesabu za nyumbani kwake. Wale waliovaa wakashika makarai wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma kwenye vishikio vyake, wakajipanga nyuma yangu. Tukapanda kama konokono.

Kilichomshinda Kesho ni zege, si sisi. Fundi mkuu alishuka kwa hasira, mikono myeupe, akasema sakafu inamkaukia na hataki jina lake liandikwe kwenye nyufa. Akauliza lile kapi la kamba liko wapi. Lilikuwapo stoo, gurudumu la kuvutia ndoo mpaka juu. Lilining'inizwa mwanzoni, upande wa nyuma ambako hakuna anayepita chini, kisha Kesho akalitoa kwa sababu wanawake walikuwa na kasi kuliko kamba. Fundi mkuu hakusubiri jibu. Akalifuata stoo, akampita Shemeji mlangoni kama anayepita pazia.

Tulimwaga sakafu yote kwa kapi. Sisi tulijaza ndoo chini, mafundi wakavuta juu. Ilichukua muda kuliko kawaida, lakini hakuna kichwa kilichopita chini ya ule ukuta. Jioni Kesho aliniambia, bila kuniangalia, kwamba kesho nisije.

Nilitoka getini na kofia kichwani. Shemeji alinifuata mpaka barabarani akisema ni mali ya kazi. Nikamwambia mimi pia ni mali ya kazi, mbona hajawahi kunifunga kwenye gunia. Hata mimi nilishangaa. Labda neno hilo lilikuwa limekaa kooni siku nyingi. Watu wa njiani walinigeukia, msichana amevaa gauni lenye saruji na kofia ya manjano, watoto wakaniita injinia.

Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani. Nilivua kofia nikamwekea mapajani. Aliigeuza, akaigonga kwa kidole kama anayepima nazi, akaiinua kwa mkono mmoja.

"Kumbe ni nyepesi hivi?"

"Nyepesi."

"Mimi nilidhani ni nzito. Nilidhani ndiyo maana hawatupi."

Akaivaa polepole juu ya kitambaa chake, pale kwenye mshono akakunja uso, akaiacha. Akakaa nayo. Nilipika mboga, nikatia chumvi mwenyewe. Tulipokuwa tunakula akasema, si kwangu, ni kama kwa sahani: "Sikupewa."

Asubuhi nilijua nitakwenda, nimeambiwa nisije au sikuambiwa. Sikujua kwamba mama mdogo naye ameshavaa viatu. Nilimkataza. Akasema kichwa ni chake. Tukaenda taratibu, yeye amenishika bega, macho ameyafumba nusu kwa sababu ya jua.

Getini tulimkuta Mama Pacha na wenzake wamesimama nje, na yule mama mwenye watoto wadogo yupo nao. Walikuwa wamemwambia mlinzi hawaingii mpaka niingie. Kesho alikuwa ndani ya geti, chini ya bango lake, akizungumza kwa simu. Aliponiona akaanza kuinua mkono wa kunifukuza. Kisha akaona aliyenishika bega, mkono ukabaki hewani.

Mama mdogo aliniachia. Akatembea peke yake mpaka kwenye vyuma vya geti akavishika.

"Nimekuja kukuuliza neno moja tu, bwana," akasema. "Siku ile, ulinipa kofia?"

Kesho akasema mama, wewe ni mgonjwa, nenda kapumzike, tutaongea.

"Hutaniambia kesho. Kesho nitakuwa nimesahau, kichwa changu kiko hivyo siku hizi. Niambie sasa. Ulinipa?"

Mafundi walikuwa wamesimamisha kazi. Fundi mkuu alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali, beleshi magotini, anasubiri kama sisi wote. Kesho alimtafuta Shemeji kwa macho, na Shemeji akaingia stoo.

"Hapana," Kesho akasema.

"Sema na hao wa nyuma wasikie. Walisikia lile la kwanza."

Aliangalia bango, akaangalia mashine iliyokuwa haizunguki.

"Hakupewa kofia," akasema kwa sauti. "Fungua geti."

Mama mdogo akageuka, akaniambia nimletee kitu cha kukalia, dunia inazunguka. Nilimkalisha kwenye mfuko wa saruji kivulini. Hakukubali kurudi nyumbani. Shemeji akatoka stoo na magunia yake akagawa kofia getini, mimi nikavaa ile niliyoondoka nayo jana. Alisema anataka kutuona tunavyoingia, na alitutazama mmoja mmoja tukipita, vichwa vya manjano, mpaka wa mwisho, ambaye nilikuwa mimi. Ngata yangu nilikuwa nimeifunga mkononi, ili karai lisinikate tena vidole.