Nguzo ya Nyuma

Nyie wake wa siku hizi mnasalimiana na baba wakwe zenu mlangoni pa kanisa, mnashikana nao mikono, mnacheka nao. Haya, chekeni. Sisi, enzi za Wadachi, mke hakumwangalia usoni baba wa mumewe, hakusema naye, hakutaja jina lake. Akimwona njiani, hujitupa kwenye migomba mpaka apite. Mwiko huo tuliuita ukutila, na mimi Tusekile nilisifiwa kijiji kizima kwa kuushika. Sifa zikanilevya.

Mwaka ule mto Lufilyo ulifurika, tukakimbilia mlimani juu ya Matema, siku sita. Mume wangu Asajile hakuwapo; askari wa boma walikuwa wamemchukua kubeba mizigo. Maji yalipopungua nilitaka kurudi siku hiyohiyo. Mtoto alikuwa anakohoa, na nilikuwa nimechoka kulala kwa watu. Baba mkwe akanitumia neno kupitia kwa mama mkwe: nisikanyage ndani kabla yeye hajaikagua. Nyumba iliyolala majini, alisema, si ya kuaminiwa. Nilinuna, lakini nilitii.

Asubuhi akaja na fimbo na kijinga kinachofuka moshi. Kuingia nyumba ya mke wa mwanawe lilikuwa jambo zito kwake, ila mwanamume mwingine hakuwapo. Mimi nikajificha migombani nyuma ya nyumba, mtoto mgongoni. Nilimsikia akigongagonga mianzi ya ukuta na kufukuza nyoka kwa moshi.

Ndipo nikaiona nguzo ya nyuma. Maji yalikuwa yamekula udongo wote chini yake. Mguu wake unaning'inia, na paa lililolowa linaielemea. Yeye, kutoka ndani, asingeweza kuiona.

Mtasema, si ungepiga yowe tu? Nimejiambia hivyo miaka yote. Lakini yowe langu lingemtoa mbio hadi kwangu, tukutane uso kwa uso, na nilifundishwa kwamba mwanamke wa namna hiyo huwaletea wanawe maradhi. Niliogopa. Nikakimbia kumtafuta mama mkwe, aliyekuwa anaosha mikeka mtoni, ili yeye ndiye amwite mumewe atoke. Hapakuwa mbali. Tulikuwa njiani kurudi tuliposikia mianzi ikivunjika.

Mama mkwe akakaa chini palepale. Nikamwachia mtoto, nikafukua peke yangu, nyasi na matope, mpaka kucha zikang'oka. Nikaufikia uso wake. Alikuwa anapumua, macho wazi. Aliponitambua akayafumba, akageuza kichwa upande wa pili, nisije nikavunja mwiko. Mtu amelaliwa na paa zima, bado ananitunzia heshima yangu.

Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikasema naye kwa mara ya kwanza.

"Baba. Nisamehe, baba. Niliiona."

Hakujibu. Nilimwita tena na tena mpaka majirani wakaja kunitoa. Hata leo sijui kama alikuwa amekwisha kufa, au alikuwa bado ananiheshimu.