Siku Walipokaa Meza Moja

Bi Mercy, msimamizi wa ofisi ya ardhi, alishuka ngazi akikokota kiti chake mwenyewe, miguu ya kiti ikigonga kila kidato. Akakiweka ukumbini, kwenye meza ambayo mpimaji na msajili wa ardhi walikuwa wamekwisha kukaa, kila mmoja akitazama upande wake. Mama akanifinya mkono.

"Wallahi leo wamekutana," akaninong'oneza.

Nyumba yetu ya Majengo ilikuwa yetu. Ardhi iliyoibeba haikuwa yetu. Ndivyo wengi mtaani walivyoishi: unajenga kwa udongo, unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na tofali huruhusiwi kuweka. Kisha serikali ikainunua ile ardhi kwa mwenyewe, ikatangaza kwamba kila mwenye nyumba atapewa hati. Tulipika pilau siku ile. Ukuta wa chumba cha mama ulikuwa umeinama, tukauegemeza kwa boriti, tukangoja.

Tulingoja miaka. Mpimaji alikuwa na mkubwa wake Nairobi, msajili naye na wake, wala hapakuwa na wa kuwaamuru wote wawili. Huyu hapimi mpaka yule aidhinishe majina. Yule haidhinishi mpaka huyu apime. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alituitikia salamu kwa adabu, kisha akatuonyesha mlango wa mwenzake.

Bi Mercy Kaingu alipoletwa kusimamia ofisi, mama alimweleza haya kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza. Hakutoa ahadi. Aliuliza tu, "Bi Amatullah, hawa wawili umewahi kuwaona pamoja?"

"Sijawaona, mwanangu."

Hakuwa na mamlaka ya kuwaita. Aliwaomba, akashinda nao pale mezani. Jina likikubaliwa, mpimaji anainuka kwenda kupima. Masika hayajaingia, mama akashika hati yake, na mafundi wakaubomoa ule ukuta wa udongo. Leo mama ametangulia mbele ya haki, nami nalala katika chumba kile, ndani ya kuta za matofali.

Lakini wakati ule, mama angali hai, wakubwa wa Nairobi hawakupenda kurukwa. Bi Mercy akahamishiwa kaskazini ya mbali. Tulimkuta akifunga vitu vyake.

"Wamekuonea kwa ajili yetu," mama alisema.

"Nimehamishwa tu, bibi. Na huko pia kuna watu wanangoja."

Mama akamshika mikono yote miwili, akamsomea dua ya msafiri, ndefu, bila haraka. Bi Mercy, Mkristo wa Kilifi, aliinamisha kichwa mpaka mwisho, akaitikia amina.