Visahani Vilivyohamia kwa Ndugu Zao

Asubuhi mtaalamu wa maabara alifungua kabati la joto, akakuta visahani vya bakteria vimehama tena. Hakushughulika. Tangu hospitali inunue mashine ya kusoma vinasaba, vijidudu vilikuwa vimeshajua nani ni ndugu wa nani, na kila kisahani kilijikokota hadi kwa jamaa zake. Mabinamu wa mbali waliachiana nafasi kidogo, kama watu wenye heshima zao.

Ila leo visahani vitatu vya wodi ya watoto wachanga vilikuwa vimekigandama kimoja cha vijidudu vilivyopanguswa kwa wafanyakazi, kilichoandikwa: pete ya Daktari Mkuu. Kimojawapo kati ya vile vitatu kilikuwa cha mtoto wa mdogo wake yeye mtaalamu, kichanga cha juzi ambacho homa yake haishuki. Akapitisha sampuli zote mashineni. Vinasaba vikafanana herufi kwa herufi. Ubinamu gani tena hapo? Hao ni mama na wanawe.

Akavipeleka visahani ofisini kwa Daktari Mkuu. Juu ya meza, visahani vikaivuka kalamu na simu, vikaenda kujipanga kando ya kidole chake.

"Kumbe nina ukoo mkubwa hivi!" Daktari akacheka.

"Ivue pete, Daktari. Watoto wawili wameshatutoka."

"Dada yangu, hii ni ya ndoa. Haijawahi kuvuka kifundo hiki. Mke wangu utamjibu wewe?"

Kikaitishwa kikao. Wakubwa walikubali kwamba undugu umethibitika, wala hauna ubishi, wakampigia mtaalamu makofi kwa kazi safi. Kisha wakaamua visahani vya wafanyakazi na vya wagonjwa vifungiwe makabati mbalimbali, maana kukaa pamoja namna ile kunaleta maneno. Fundi akaja na kufuli hapohapo. Kwa kufuli, hospitali ile haijawahi kuchelewa!

Mtaalamu akashuka mbio wodini, sabuni mkononi. Daktari Mkuu alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameinama kitandani, kiganja chake kimetanda kifuani pa mtoto, pete ingali kidoleni.

"Dada, njoo uone," mdogo wake akasema, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Amelia tangu alfajiri. Daktari kamgusa tu, kimya!"

"Ananijua huyu," Daktari akasema. "Sisi ni ndugu."

"Asante, Daktari," mama wa mtoto akasema, akamsogezea mtoto karibu zaidi.