Tenga la Maonyesho

Kazi ya kwanza ya Mama Tenga kila asubuhi ilikuwa kufumua alichosuka jana.

Aliketi kwenye jamvi ndani ya kibanda, akalipakata tenga mapajani, akaanza kuchomoa chane za mwanzi moja moja, polepole, kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa shati. Kila aliyoichomoa aliitia kwenye beseni la maji ilainike. Chane zenyewe zilikuwa zilezile alizopewa siku Bustani ya Mianzi ilipozinduliwa, na kwa kusukwa na kufumuliwa zilikuwa zimechoka kuliko yeye mwenyewe. Leo mbili zilikatika kabla hazijagusa maji.

"Haya," akasema peke yake, "na chane nazo zinastaafu."

Nyuma ya kibanda mianzi ilisongamana mpaka ukingoni mwa mto. Mama mkwe wake na majirani ndio walioipanda, enzi mto ulipokuwa ukimega viwanja vyao, na kila mwaka wasusi waliingia wakakata mizee, wakaacha michanga. Kisha ukaja mradi wa bustani. Usiseme mradi haukuleta jema: taka hazitupwi tena mtoni, watoto wa shule wanakuja kujifunza, wageni wanatembea kwenye vijia vya changarawe wakisifu kivuli. Lakini ulileta pia uzio, na amri moja tu: hakuna kukata. Sasa mianzi mizee ilikuwa ikikauka imesimama, wadudu wanaigugunaguguna, na mwanamke aliyeishi kwa kuisuka alikuwa amevalishwa fulana ya kijani, akawekwa kibandani kuonyesha jinsi inavyosukwa.

Afisa wa bustani alipita mbio, simu moja mkononi na nyingine sikioni. Mama Tenga akamdaka.

"Mwanangu, leo umenipita kama gogo."

"Shikamoo, mama. Samahani, nina haraka."

"Marahaba. Haraka yako naijua. Kibali changu je?"

"Makao makuu hawajajibu."

"Uliwaambia ni ile iliyokwisha kukauka? Tena michache?"

"Niliwaambia. Wakauliza nani atathibitisha kwamba imekauka."

"Si waje waione!"

"Gari halina mafuta." Kijana akashusha sauti. "Mama, ingekuwa ni mimi, ungekata leo. Lakini ufito mmoja ukikatwa hapa, anayefukuzwa ni mimi. Nina watoto."

"Na mimi muuza nyanya anakuja leo kuchukua jibu la mwisho la matenga yake. Ndiye mteja pekee aliyenibakia. Nikimkosa, mimi si msusi tena. Ni sanamu."

"Vumilia kidogo tu, mama."

"Kuvumilia naweza. Chane ndizo sina."

Afisa akacheka kwa aibu, simu ikamwita, akaenda.

Watoto wa shule walifika, mstari wao umepinda kama mkia wa mjusi. Mama Tenga akasahau machungu yake kidogo, maana watoto walikuwa ugonjwa wake. Vidole vikawa vinasuka, mdomo unatega.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina vyumba vingi, haina hata mlango mmoja."

"Yai!"

"Yai lina chumba kimoja, wewe."

"Jela!"

"Jela ina mlango, ndiyo maana watu wanaingia. Nipeni mji."

Wakampa mji, akaukalia, akawagongea pingili za ufito wa nguzo ya kibanda, moja baada ya nyingine. Mwanzi! Wakapiga makofi.

"Kitendawili tena!"

"Tega!"

"Mwanangu kazaliwa na kiuno chake. Karefuka kupita nyumba, hakunenepa hata kidogo."

"Mwalimu wetu!" akasema mmoja, na darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe, mrefu na mwembamba, ikabidi acheke. Jibu lilikuwa mwanzi tena, unaochomoza ardhini na unene wake wote.

Kasichana mmoja kalikuwa hakacheki. Kalikuwa kanalitazama tenga. "Bibi, likiisha hilo litabeba nini?"

"Haliishi, mjukuu wangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kesho watakuja wengine kutazama."

Kakamgeukia mwalimu. Mwalimu akaangalia saa yake, akasema muda wa kuona miche umefika.

Muuza nyanya aliingia wakati watoto wanatoka, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, amejaa hasira na kicheko.

"Mwenzangu, nimelipa kiingilio kama mtalii! Wananiuliza, wewe mwenyeji au mgeni? Nikawaambia nimezaliwa nyumba ile pale, ya bati jekundu. Wakasema, basi mwenyeji, lakini lipa!"

Wakacheka mpaka wakapangusa macho. Kisha muuza nyanya akaketi.

"Niambie. Yapo?"

"Hayapo. Kibali bado."

"Nyanya haijui kibali, mwenzangu. Inaiva tu." Akavutavuta ncha ya jamvi. "Kuna mtu ananiletea makreti ya plastiki jioni. Yanachubua nyanya, najua. Lakini yapo."

Mama Tenga akapenyeza chane nyingine.

"Ningeweza kutuma mtu aje akuambie. Nimeona nije mwenyewe." Akalishika tenga. "Na hili?"

"La maonyesho."

"Lina tundu?"

"Halina."

"Basi ni tenga."

Mama Tenga akalitazama. Lilikuwa limebakiza mdomo tu, na mdomo ndio aliokatazwa. Tenga likishafungwa mdomo, ncha zimekunjwa na kupenyezwa ndani zikabanwa, halifumuki tena ila kwa kisu. Ndiyo maana siku zote aliambiwa aishie shingoni.

Akachagua chane nene kuliko zote zilizobaki. Akakunja, akapenyeza, akavuta kwa meno. Muuza nyanya akamshikia upande wa pili bila kuambiwa.

"Watakufukuza kazi," akanong'ona.

"Kazi gani?"

Mdomo ukafungika. Afisa akatokea, jasho linamtiririka. "Mama, basi la watalii limefika, jitayarishe... Mama! Umefanya nini?"

"Nimemaliza."

"Fumua! Fumua haraka!"

"Halifumuki. Labda ulikate, mwanangu. Na kukata ni wewe uliyeniambia ni kosa."

Muuza nyanya alikwisha kujitwika tenga, anaelekea getini kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuitwa. Mlinzi akamziba njia. Sauti zao zilifika mpaka kibandani.

"Mali ya bustani hiyo!"

"Ya bustani inaota. Hii imesukwa!"

Walivutana, na mlinzi alikuwa na nguvu. Tenga likarudishwa, likafungiwa stoo pamoja na majembe. Muuza nyanya akatoka mikono mitupu, kwenda kupokea makreti yake.

Watalii walikuwa wanakuja kwenye changarawe, simu tayari mkononi. Kwenye beseni yalibaki maji na vipande vilivyokatika.

"Mama, nakuomba," afisa akanong'ona. "Fanya tu kama unasuka. Mikono tu. Hawatajua."

Wageni wakazunguka jamvi. Mama Tenga akaitia mikono yake kwapani, akawatazama mmoja mmoja, kwa upole, kama mwenye nyumba aliyefikiwa na wageni ilhali jikoni hamna kitu.

Wakasubiri. Mmoja wao akamuuliza afisa, "Anangoja nini?"

Afisa akafungua mdomo.

"Kibali," akasema Mama Tenga.